Tate Modern: Jumba la Sanaa Linalotaka Mgeni Asiye na Haraka

Anayekusudia kuzuru Tate Modern jijini London namshauri aingie kwa mlango wa magharibi, hata kama amevuka mto kwa daraja la waenda kwa miguu na mlango mwingine ndio ulio karibu naye. Mlango wa magharibi unafungukia mteremko mpana unaoshuka hadi Turbine Hall, ukumbi uliokuwa na mitambo ya kufua umeme hadi kituo cha Bankside kilipofungwa mwaka 1981. Wasanifu wa kampuni ya Herzog & de Meuron, waliokigeuza kituo hicho kuwa jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 2000, waliiondoa mitambo wakauacha uwazi wake, na kwa maoni yangu hawakufanya uamuzi ulio bora kuliko huo, kwa maana mgeni hupunguza mwendo kabla hajaona hata picha moja.

Ukumbi huu humpa msanii nafasi ambayo majumba mengi hayana. Mwaka 2003 Olafur Eliasson aliweka humo jua la taa, na watu wakajilaza sakafuni kulitazama. Mwaka 2023 El Anatsui, mzaliwa wa Ghana, alitundika mapazia makubwa mno yaliyofumwa kwa vifuniko vya chupa za pombe. Kazi hizo huja na kuondoka. Iliyoacha alama ni ile ya Doris Salcedo wa Kolombia, ambaye mwaka 2007 aliipasua sakafu kwa ufa wa mita 167, akizungumzia ubaguzi wa rangi na masaibu ya wahamiaji. Ufa ulizibwa maonyesho yalipokwisha, lakini kovu lake bado linasomeka kwenye saruji: linaanza jembamba kama unywele, linapanuka, linachepuka, kisha linagawanyika, huku wageni wakilikanyaga pasipo kujua. Inafaa kulifuata mwanzo hadi mwisho.

Katika vyumba vya juu, kilichonigusa zaidi ni picha ambazo Mark Rothko alizichora mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mkahawa wa kifahari wa New York, kisha akakataa kuzikabidhi. Baadhi yake aliipa Tate, taasisi inayomiliki jumba hili, nazo zikafika London mwezi Februari 1970, siku ileile aliyofariki. Zinahitaji mwanga hafifu na subira. Kwa mtazamo wa kwanza ni rangi ya damu ya mzee tupu. Ukikaa kitambo, kingo za maumbo zinaanza kutetemeka, na weusi unajitenga na wekundu uliodhania kuwa ni kitu kimoja. Mtu akipita kwa kasi ili apige picha kwa simu, hatayaona hayo kabisa.

Mpangilio wa jumba unafuata maudhui badala ya mfuatano wa miaka. Mimi naupenda, kwa kuwa unamweka msanii wa Sudan au Brazil jirani na wa Ufaransa bila kumfanya aonekane mgeni mwalikwa, ila anayetarajia kufundishwa historia ya sanaa hatua kwa hatua atalazimika kuisoma kwingine kabla hajaja. Jengo jipya la upande wa kusini, lililofunguliwa mwaka 2016, limeongeza nafasi nyingi. Humo nisingeacha kushuka kwenye yale matangi ya chini ya ardhi yaliyokuwa yakihifadhi mafuta ya kituo, ambamo sasa huonyeshwa video na sanaa za jukwaani.

Kuingia kwenye mkusanyiko wa kudumu ni bure, na hilo linampa mgeni uhuru wa kutazama vyumba vitatu, akaondoka na kurudi siku nyingine. Maonyesho maalumu hulipiwa. Anayefuata kazi fulani hasa aangalie tovuti ya jumba kabla ya safari, kwa kuwa kazi huhamishwa na kuazimwa kwingine, za Rothko zikiwemo.