Treni za mjini Mumbai kwa msafiri wa Tanga

Kwa ndugu zetu wa Tanga wanaopeleka wagonjwa India, nazipendekeza kwa moyo wote treni za mjini Mumbai, kwani nauli yake ni nafuu mno kuliko teksi na hazikwami kwenye foleni. Kituoni Churchgate umati ulinitisha, maana watu huanza kurukia ndani kabla treni haijasimama, milango ikiwa wazi. Hata hivyo, yapo mabehewa ya wanawake peke yao, na humo mama mmoja alijisogeza bila kuombwa, nikawa wa nne kwenye benchi la watu watatu. Kasoro kubwa ni kwamba treni husimama sekunde chache tu. Mwenye mgonjwa asafiri mchana, tena asogee mlangoni kituo kimoja kabla ya kushuka.