Uskauti: maoni yangu baada ya mwaka mmoja wa mwanangu

Jamani mimi nilikua najua uskauti ni skafu shingoni na gwaride basi, hadi mwanangu alivyojiunga mwaka jana. Kumbe mwanzo wake ni kambi aliyofanya Baden-Powell, jenerali Mwingereza aliyeanzisha uskauti, mwaka 1907 kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, vijana kama 20 hivi, watoto wa matajiri na wa wafanyakazi wa kawaida wamechanganywa pamoja, na enzi zile hilo halikua jambo dogo. Kilichonikosha zaidi ni vile vikundi vidogo, watoto sita mpaka nane na kiongozi ni mtoto mwenzao, mtu mzima anakaa pembeni, wanagawana kazi wenyewe wanakosea wenyewe wanarekebisha wenyewe, mwanangu aliyekua haongei mbele za watu saa hizi anapanga zamu za kupika kambini! Mafundo ya kamba, ramani, huduma ya kwanza, kote yumo.

Shida moja tu, kiongozi wa kundi letu alizidisha kwata, wiki tatu mfululizo, wakati lengo lenyewe ni kijana ajitegemee na asaidie wengine, sio awe askari. Nikamwambia, akanielewa, wakarudi porini. Nyota nne kati ya tano.