Kuinua na Kunyanyua

Vitenzi «inua» na «nyanyua» hubadilishana nafasi mara nyingi, kwani aliyeinua mkono na aliyenyanyua mkono wamefanya jambo moja, lakini si kila mahali vinalingana.

Ninapoliona gunia limelala sakafuni, na mtu ameinama, amelishika pembe mbili na kulitenga na ardhi kwa nguvu, kitenzi kinachonijia kwanza ni «nyanyua», kwa kuwa ndani yake nasikia uzito wa kitu na juhudi ya mwili. Ndiyo maana mchezo wa vyuma vizito huitwa kunyanyua vitu vizito.

«Inua» kina uwanja mpana zaidi, na hapo ndipo utajiri wake ulipo. Twainua macho, twainua sauti, twainua kiwango cha elimu na hali ya maisha, mambo yasiyoshikika kwa mkono. Kutokana na «inuka» tumepata pia nomino «mwinuko», yaani sehemu ya ardhi iliyopanda au kimo chake. Kusema «kunyanyua uchumi» kunaeleweka, ila kwa maandishi rasmi ningechagua «kuinua» bila kusita. Bei, hata hivyo, hupandishwa.