Nilivyoisoma "Sahara" ya Clive Cussler kwenye mwalo wa wavuvi wa Katosi, Ziwa Viktoria, Uganda

Kitabu hiki, riwaya ya Kiingereza, nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba Kampala, shilingi 15,000. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, na ukurasa mmoja umechanika nusu pale pale mashua inaposhambuliwa na boti za kijeshi, ilhali muuzaji aliniapia kwamba hakuna kilichopungua. Hilo liliniudhi kweli. Hata hivyo kitabu chenyewe, kinene vile, nilikimaliza kwa siku tano.

Kilitoka mwaka 1992. Dirk Pitt, mtu wa bahari na vyombo vilivyozama, tunamkuta Mto Nile akitafuta jahazi la mazishi la Farao. Mara anatumwa Mto Niger, hadi Mali, kutafuta chanzo cha sumu inayoteremka hadi Atlantiki. Humo humo kuna fumbo la manowari iliyovikwa chuma, iliyotoroka Richmond, Marekani, mwaka 1865. Iliishia wapi, sisemi, kajisomee.

Kilichonishika ni ule mwani mwekundu. Taka za sumu zinavuja mtoni, zinafika baharini, vijidudu vinazaana bila kikomo na kumaliza oksijeni. Mwingine atasema mwandishi katia chumvi, na kweli katia, maana humo dunia nzima iko hatarini kukosa hewa. Lakini mimi nauza sangara wa chumvi kwa wafanyabiashara wa Kongo, na mwanzoni mwa 2021 niliona kwa macho yangu. Alfajiri ufuo ulikuwa mweupe kwa matumbo ya sangara, wakubwa hasa, wale wa kubebwa na watu wawili. Mzee mmoja alimgeuza mmoja kwa kasia, akamfunua matamvua.

"Mwanangu, huyu hana jeraha," akaniambia. "Amekosa pumzi."

Baadaye serikali ilieleza hivyo hivyo: dhoruba zilivuruga maji, oksijeni ikapungua, na sangara hahimili maji ya namna hiyo kama samaki wengine. Kwetu ilikuwa dhoruba, kitabuni ni tajiri mwenye kiwanda anayeficha taka. Ila mbolea na maji machafu ya miji yanayoingia Ziwa Viktoria yanalisha mwani kila siku, na mwani ukifa na kuoza unakula oksijeni ile ile. Ndiyo maana kurasa hizo nilizisoma polepole, nikirudia.

Ninachokilaumu kitabu ni jinsi kinavyowatazama watu wa Mali. Jenerali ni katili, wanakijiji wanasubiri kuokolewa, na mashujaa karibu wote wanatoka ng'ambo. Wabozo wameishi kwa kuvua Niger vizazi na vizazi. Mtu akitaka kujua mto umeugua lini, angeanza kwa kuwauliza wao, kama mimi nilivyojifunza kwa yule mzee. Kwa hilo nakipunguzia nyota moja, nakipa nne. Kiingereza chake si kigumu, na sura za mtoni hazikupi nafasi ya kukiweka chini.

Sasa hivi kiko kwa kaka mmoja fundi wa injini za mashua. Amefika kwenye ule ukurasa uliochanika. Nilimwachia karatasi ndani, nimemwandikia kwa kalamu kinachokosekana, kadiri nilivyoelewa.