Kilomita 70 bila gari mgongoni: naichambua voie verte ya Bourgogne

Subirini kwanza nisiongee, sikilizeni tu... Mmesikia? Hiyo ni cheni yangu na ndege, basi. Hakuna honi, hakuna lori linakupumulia kisogoni. Wadau mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli, leo niko Bourgogne hapa Ufaransa, asubuhi nimepakia baiskeli kwenye treni ya mkoa pale Lyon, baada ya mwendo wa saa moja na kitu nikashuka Chalon-sur-Saône, na sa hivi nimefika Givry, na nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikichambua tochi wala helmeti. Kuna mdau aliniandikia wiki iliyopita, kaka acha vifaa kidogo, tuonyeshe unapoendeshea. Ndugu yangu hii ni ya kwako. Bidhaa ya leo ni njia yenyewe, na kwa kuanzia hapa Givry naipa tisa kwa kumi.

Wafaransa wanaiita voie verte, yaani njia ya kijani. Ukiona kile kibao cha bluu cha mraba jua hapo hakuna gari wala pikipiki, ni waenda kwa miguu, baiskeli, watoto na skuta zao za kusukuma, na baiskeli za umeme zile za kukusaidia kunyonga nazo ruksa. Tangu 2004 imeandikwa kabisa kwenye sheria zao za barabarani. Na hii ninayoikanyaga ndiyo ya kwanza Ufaransa nzima, kipande cha Givry mpaka Cluny, kilomita 44, kilifunguliwa 1997. Baadaye ndo wakaiunga huku mpaka Chalon na kule mpaka upande wa Mâcon, ukijumlisha unapata zaidi ya 70. Mambo ya ramani na mabango sitayarudia, mtayakuta kila mahali, mimi nataka niwaonyeshe kitu kimoja ambacho hakisemwi vya kutosha.

Angalieni miguu yangu. Niko gia ya kati, sijabadilisha toka Givry. Nimebeba mabegi mawili pembeni, hema limefungwa kwenye keria, maji lita tatu. Na mnavyoona vilima hivi vya mizabibu kulia na kushoto, mtu angesema hapa lazima ushuke usukume. Sasa mbona sisukumi? Kwa sababu hii ilikuwa reli! Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma, likipewa mlima mkali linateleza tu palepale, kwa hiyo wajenzi wa zamani walilazimika kuusawazisha mlima, penye bonde wakajaza tuta, penye kilima wakakata katikati. Reli ikafa, vyuma vikang'olewa, lami ikamwagwa juu, imelala kama mkeka, na wewe unarithi kazi yote ile bure.

Ngoja nisimame niwaonyeshe, maana najua kuna wabishi. Hii ni chupa yangu ya maji, naiweka chini kwa ubavu hapa katikati ya lami. Kwa macho hapa ni tambarare, si ndiyo? Naiachia... mnaona... imetulia... haya, imeanza kutambaa. Polepole kabisa, kama konokono, inarudi nilikotoka. Maana yake muda wote huu nilikuwa napanda na sikujua! Njia za reli za zamani mara nyingi hazivuki asilimia 2 au 3, yaani kila mita 100 unapanda mita 2 hivi, jicho halioni ila chupa inaona. Nimekamata chupa yangu, twende. Na ukigeuka ndo raha yenyewe, unaacha kunyonga na baiskeli inaenda tu, siyo kasi ya kuogopa, ni kama mtu anakusukuma mgongoni kwa kiganja.

Ndo maana nasema hii siyo ya wakimbiaji wenye nguo za kubana peke yao. Nimejifunza baiskeli Dar, barabara ya Morogoro, mnajua pale, masikio yako kazi yake ni kupima lori liko umbali gani ili ujue saa ngapi uruke mchangani. Nimefika hapa siku ya kwanza mabega yangu yalikuwa bado yamekakamaa kusubiri honi, kama nusu saa hivi, alafu yakashuka yenyewe. Nimempita mama anasukuma kigari cha mtoto, nimempita babu na bibi wanaendesha wamekaa sambamba wanapiga stori. Sambamba! Wapi tena unaweza kuendesha sambamba na mwenzako ukamsikia anachosema.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi, maana hapa hatupambi. Vizuizi. Kila njia hii inapokatana na barabara ya magari kuna vyuma au mbao zimewekwa kushoto na kulia zinapishana, ili gari lisiingie na wewe upunguze mwendo. Nia nzuri, sawa, naelewa. Lakini tazameni, hii ni hendeli inapita, haya, sasa mabegi... yanagusa. Ninarudi nyuma, nainamisha baiskeli upande huu, begi la kushoto linapita, la kulia limenasa. Na mimi nina mabegi mawili tu, je yule anayevuta tela la mtoto? Ukifanya hivyo mara kumi kwa siku unachoka kuliko kilima. Mbona kuna sehemu wameweka nguzo moja tu katikati, gari halipiti na baiskeli inapita safi! Nguzo moja, basi, inatosha. Kwa hili nakata alama na sirudishi.

Kitu kingine, njaa. Nimefika Saint-Gengoux-le-National saa sita na nusu mchana nikiwa na njaa ya kweli, kila duka limefungwa kwa chakula cha mchana, na ile bekari ya mikate niliyoilenga kumbe Jumatatu haifunguliwi kabisa. Vijiji vya Ufaransa ndivyo vilivyo, nunua mkate na jibini asubuhi ulikolala, usisubiri mbele. Na bomba ukikuta limeandikwa eau non potable usinywe, hayo siyo maji ya kunywa.

Nilitaka kusema kipande hiki cha hapa kimenyooka mno mpaka kinachosha, na kweli nilishaanza kuisema, ila nimesimama kunywa maji nikaona ng'ombe wale weupe wa Charolais, weupe pee kama wameogeshwa, wamejipanga kwenye uzio wananitazama, na stesheni ya zamani bado imesimama mbele yangu kama inasubiri treni. Nimefuta kauli. Haichoshi.

Hapo juu kilimani, mnaona, ni Taizé. Baadhi yenu mnaifahamu kupitia kanisani, ile jumuiya ya mabraza iliyoanzishwa na Bruza Roger 1940, vijana wanatoka dunia nzima kuja kuimba na kusali. Na waliwahi kuja kwetu, 2008 mkutano wao mkubwa wa vijana ulikuwa Nairobi, kama kuna mtu alikuwepo anisimulie kwenye komenti tafadhali, natamani sana kusikia. Njia yenyewe inapita chini, kupanda kule ni barabara ya kawaida na kilima chake ni kilima kweli, hapo ndo utakumbuka uzuri wa reli.

Cluny nitaipita haraka, siyo kwa ubaya, inataka video yake. Abasia, yaani monasteri kubwa ya watawa, ilianzishwa 910, na kanisa walilokuja kujenga baadaye lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Ulaya ya Wakristo mpaka lile la Mtakatifu Petro la Roma lilipojengwa upya. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa wakalibomoa wakauza mawe, imebaki sehemu ndogo tu, na hiyo ndogo inakuvunja shingo kuitazama.

Haya, tumefika. Handaki la Bois Clair. Hapa kilima kilikuwa kirefu mno kukikata, wakakitoboa, kilomita 1.6 ndani ya mwamba, na sasa ni la kwetu sisi wa baiskeli. Nje jua kali, jasho linatiririka, na hapa mlangoni nasimama navaa koti. Najua mnashangaa. Weka mkono hapa... baridi inatoka kama umefungua friji. Ninaingia. Taa zipo juu lakini na yangu nawasha. Sikilizeni sauti yangu inavyorudi... hooo... Tone limeniangukia shingoni. Ukuta unang'aa maji. Mbele kule mnaona kitone cheupe? Ndo mlango wa pili, na hausogei! Unanyonga, unanyonga, kitone ni kilekile, alafu ghafla kinakuwa sarafu, kinakuwa sahani, na joto linakupiga usoni kama umefungua jiko. Nimelipita mara mbili leo, nimerudi makusudi.

Muhimu sana: kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi linafungwa, kwa ajili ya popo. Wanalala humo msimu wote wa baridi na hawatakiwi kusumbuliwa, wewe utapita juu ya kilima. Mimi naona ni sawa kabisa, nyumba ni yao miezi hiyo. Na hapohapo kilimani reli ya TGV, treni yao ya mwendokasi, inapita kwa juu, ile ya Paris na Lyon ya 1981, yenyewe ina nguvu ya kupanda asilimia 3.5 kwa hiyo hawakuhitaji handaki. Treni ya zamani ilichimba, ya sasa inaruka.

Wale wa "kwani Loire à Vélo si bora", ile njia ya baiskeli ya kando ya mto Loire, ni ndefu, kama kilomita 900, nzuri, naipenda, lakini vipande vingi unachangia barabara ndogo na magari. Canal du Midi, ile ya kando ya mfereji wa boti, kilomita 240 Toulouse mpaka Sète, mfereji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996, mwanzo pale Toulouse lami safi, mbele inakuwa udongo na mizizi ya miti inakupiga makalio, alafu ile miti yenyewe inaugua inakatwa, inaumiza kuiona. Kwa mtu anayeanza, au mwenye mtoto, hii ya Bourgogne iko juu ya hizo zote. Nilisema tisa pale Givry, vizuizi vikaishusha mpaka nane, handaki limeirudisha tisa.

Bei? Kuipita ni bure, hakuna geti hakuna tiketi. Hela yako ni treni, kulala na kula, na ukija na hema inapungua sana.

Habari za chaneli, maikrofoni mpya imefika ndo maana leo mmesikia mpaka matone, na video ijayo ni njia ya Roger Lapébie kule Bordeaux, imepewa jina la mshindi wa Tour de France ya 1937, nayo ni reli ya zamani. Kama bado hujasubskraibu fanya hivyo sa hivi. Mimi hapa mpaka Mâcon ni mteremko wa reli, naachia pedali, kameraaaa ishike vizuri, twende.