Windows 7 inapogoma kusasishwa: uzoefu wangu

Windows 7 bado naipenda, ila kuisasisha ukishaiweka upya ni mtihani. Hapa Mombasa wapo wengi wanaoitegemea, na ukimpelekea fundi jibu ni lile lile: tupa hii, nunua mpya.

Kompyuta ninayoihudumia ni ya ami yangu, Kibokoni. Ni ya mezani, gamba lake limeshaliwa na kutu kwa hewa ya chumvi. Ameiunganisha na mashine ya kutarizi kanzu, na programu ya mashine hiyo haikubali mfumo wowote mpya. Kununua kompyuta nyingine maana yake ni kununua na mashine nyingine. Nani ana pesa hizo?

Mara ya kwanza ilikuwa 2018. Diski ilikufa, tukaweka nyingine na Windows 7 yenye Service Pack 1 (furushi la masasisho ya mwanzo), ile ya 2011. Nikaiamuru itafute masasisho. Mstari wa kijani ukapita, ukarudi, ukapita, tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, feni ikivuma kama cherehani. Ami akachungulia: "Mwanangu, iache ilale, labda itaamka na akili."

Nilipotazama orodha ya programu zinazoendeshwa, nikaona svchost.exe, programu ya Windows inayoendesha huduma zake za ndani, imemeza nusu ya nguvu ya prosesa na inazidi kula memori. Kumbe haikuwa imeganda. Ilikuwa inahesabu ni sasisho lipi limechukua nafasi ya lipi, katika rundo lililolimbikizana tangu 2009, na hesabu imeizidi kimo. Ndiyo maana kuizima na kuiwasha hakusaidii, hesabu inaanza upya tu. Dawa inayosifiwa kila mahali, ya kubadilisha jina la folda ya SoftwareDistribution (Windows inamohifadhi masasisho inayoyapakua), inafaa pale faili zilipoharibika njiani. Kwa tatizo hili ni kupoteza muda.

Kilichofaa ni faili mbili za masasisho ya Microsoft za kuweka kwa mkono (kila sasisho lina namba yake inayoanza na KB): KB3020369 ya 2015, halafu KB3172605 ya Julai 2016, kwa mpangilio huo huo. Nilizipakua kwenye kompyuta nyingine nikazileta kwa flashi. Angalia kama mfumo wako ni wa biti 32 au 64, faili hazifanani. Na kabla ya kuzibofya, chomoa waya wa intaneti na usimamishe huduma ya Windows Update, la sivyo hata hizo faili zenyewe zitakaa "zikitafuta" bila kikomo. Baada ya kuwasha upya, orodha ya masasisho ikaja hata chai haijapoa.

Mara ya pili, baada ya diski nyingine kufa (vumbi la nyuzi na joto la Kibokoni vinazimaliza), mambo yalikuwa mengine. Haikutafuta kabisa, ilikataa papo hapo na kutoa kosa 80072EFE. Tangu 2020 seva za masasisho zinataka sahihi za SHA-2 (aina mpya ya sahihi za kidijitali za kuthibitisha usalama), na Windows 7 mbichi haizifahamu. Safari hii nilianza na KB4490628, nikafuatisha KB4474419, ndipo KB3172605.

Tazama na saa pia! Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, kila stima zikikatika tarehe inarudi nyuma miaka, na kompyuta inaona vyeti vyote vya usalama ni batili. Betri yenyewe ni ya bei ya sambusa chache, lakini nimeona watu wakiweka mfumo upya kwa sababu yake.

Kwa kazi ya tarizi, nampa huyu mzee Windows 7 alama za juu: haringi, haombi memori nyingi, na ami anaijua kwa vidole. Ila masasisho ya bure yalikoma tarehe 14 Januari 2020, na kivinjari cha Chrome kwenye Windows 7 kiliishia toleo la 109. Kwa hiyo waya wa intaneti nimeuchomoa, michoro ya tarizi inaingia kwa flashi iliyokaguliwa, na mambo ya benki ami anayafanya kwa simu. Analalamika kwamba sasa hawezi kusikiliza taarab huku akifanya kazi. Nimemwekea kwenye diski.