DVDStyler kwa wachoma DVD za harusi na kwaya: picha ipo, sauti iko wapi?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nachambua DVDStyler, programu ya bure ya kutengeneza DVD, na nitaichambua upande mmoja tu: sauti. Menyu zake, vitufe vyake, mapambo ya nyuma, hayo yote yapo na yanapendeza, ila si ya leo. Leo nataka tulimalize lile swali linaloulizwa kila siku. Video kwenye kompyuta inasikika vizuri kabisa, unaichoma, unaipeleka kwa mzee, inaingia kwenye deki, picha inacheza na sauti hakuna. Au sauti ipo, lakini bibi harusi anafumbua mdomo sasa hivi, halafu "ndiyo, nakubali" inakuja baadaye kama imekwama kwenye foleni.

Kuna atakayesema DVD imeshakufa, siku hizi watu wanatumiana linki. Sawa, nawe tumia linki. Ila wewe unayerekodi harusi na kwaya unawajua wateja wako: wazee wanataka kitu cha kushika, chenye kasha na picha ya maharusi juu. Deki wanayo, sabufa wanayo, na hawataki habari za bando.

Haya, twende. Cha kwanza kabisa, deki si kompyuta. VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, inameza karibu kila kitu unachoitupia. Deki ina orodha fupi ya sauti inazozijua: AC-3, ambayo ndiyo Dolby Digital, MP2, PCM isiyobanwa, na DTS, ambayo deki hailazimiki kuielewa. Basi. Sasa simu yako inarekodi sauti ya namna gani? AAC. Video uliyotumiwa WhatsApp? AAC pia. AAC haimo kwenye orodha ya DVD. Kwa hiyo lazima sauti ibadilishwe njiani, na hapo kwenye kubadilisha ndipo mambo mengi yanapoharibika.

Ukifungua mradi mpya kwenye DVDStyler, kinatokea kidirisha kinachouliza jina la diski, ukubwa, PAL au NTSC (mifumo miwili ya video: PAL ya huku kwetu, NTSC ya Marekani), umbo la picha, na chini yake fomati ya sauti: MP2 au AC3, zote kwa kilohezi 48, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde. Watu wengi wanapita hapo mbio ili wafike kwenye menyu. Simama hapo kidogo. Deki zetu huku ni za PAL, na deki ya PAL lazima ijue MP2, kwa hiyo ukichagua MP2 hutapata shida mtaani kwako. Lakini upande wa NTSC sheria ni nyingine: deki inalazimika kujua AC-3 na PCM, MP2 ni hiari. Sasa chukua harusi ya Dar ambayo shangazi wa bwana harusi yuko Marekani na anataka nakala yake. Ukimtumia PAL yenye MP2, deki yake inaweza kuikataa diski yote, au akaona picha na asisikie hata neno. Nakala ya huko itengeneze NTSC yenye AC-3. Na mimi nikikushauri kwa ujumla, weka AC-3 kila mahali, PAL na NTSC. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu sijaona faida ya kubaki na MP2 mwaka huu. Hataza za AC-3 zenyewe ziliisha mwaka 2017, kwa hiyo hata hofu ya leseni haipo tena.

Hizo kilohezi 48 nazo si pambo. DVD haikubali 44.1, ambayo ndiyo ya CD za muziki. Wale mlioanza kazi enzi za VCD mnakumbuka kule ilikuwa MP2 ya 44.1, na ndiyo maana mafaili ya zamani ya kwaya bado yana namba hiyo. Kwaya ilirekodi studio, ukapewa CD, ukaibandika juu ya picha. DVDStyler ikibadilisha yenyewe, inaipeleka kwenye 48 vizuri tu. Balaa linakuja pale faili linapodanganya kuhusu namba yake: sauti ya 44.1 inasomwa kama ni 48, inakimbia karibu asilimia 9, soprano wanakuwa kama watoto wa chekechea, na wimbo unaisha kabla waimbaji hawajafunga midomo. Ukisikia hivyo usihangaike na diski, rudi kwenye faili.

Na namna ya kurudi kwenye faili ni hii. Pakua MediaInfo, programu ya kuonyesha faili limetengenezwaje ndani, ni ya bure na ni ndogo. Buruta video yako uitupe ndani, kisha nenda "View", chagua "Text". Hapa kwenye skrini nimeweka video iliyopigwa kwa simu ukumbini. Shuka kwenye sehemu ya sauti: AAC, chaneli 2, kilohezi 48. Safi, hapo hatuna ugomvi. Sasa panda juu kwenye sehemu ya picha, soma mstari wa "Frame rate mode". Umeona? "Variable". Huyo ndiye mchawi wenu.

Hapa naomba mnisikilize taratibu. Simu hairekodi fremu 30, yaani picha 30, kila sekunde kwa uaminifu. Taa za ukumbi zikipungua, au simu ikipata joto, inapunguza. Mwanga ukirudi, inaongeza. Kwa hiyo sekunde moja ina fremu 30, nyingine 28, nyingine 24. Ukicheza faili hilo kwenye simu au kompyuta huoni tatizo, maana kila fremu ina saa yake iliyoandikwa. DVD inataka mwendo mmoja usiobadilika: 25 kwa PAL, 29.97 kwa NTSC. Programu ya kubadilisha ikizihesabu fremu kama vile zote zina urefu sawa, picha inateleza huku sauti inakwenda na saa yake. Dakika ya kwanza huoni kitu. Kwenye keki unaanza kuona. Kwenye hotuba ya baba mzazi, MC ameshakaa chini na sauti yake bado inawashukuru wageni.

DVDStyler ndani yake inatumia injini ya FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video na sauti, na injini hiyo ni nzuri. Shida ni kwamba dirisha la DVDStyler halikupi swichi zote za injini. Ndiyo maana kwa video za simu mimi siipi DVDStyler faili bichi. Nalipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu nyingine ya bure ya kubadilisha video. Fungua HandBrake, weka video, nenda sehemu ya "Video", kwenye kasi ya fremu chagua 25 kama unatengeneza PAL, halafu chagua "Constant Framerate". Msisahau hiyo ya pili! Mipangilio inayokuja nayo HandBrake huwa imekaa kwenye "Peak", na hiyo bado inaruhusu kasi kubadilika. Na HandBrake haichomi DVD, inakupa MP4 tu. Hiyo MP4 sasa ndiyo unaipeleka DVDStyler.

Wale wasioogopa ukurasa mweusi wa kuandika amri, FFmpeg yenyewe inamaliza kazi yote kwa mstari mmoja. Huu hapa:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -ac 2 -af aresample=async=1 harusi.mpg

Hiyo "pal-dvd" peke yake inaweka picha ya 720 kwa 576, fremu 25, sauti ya AC-3, kilohezi 48. "-ac 2" inakunja chaneli zote ziwe stirio. Na lile neno la mwisho, "aresample=async=1", linaiambia sauti ifuate saa ya faili: pakiwa na pengo ijaze, ikizidi ikatwe. Faili linalotoka hapo limeshatimiza masharti ya DVD, kwa hiyo ndani ya DVDStyler hakikisha sauti na picha zimekaa kwenye "copy", zisibadilishwe mara ya pili.

Sasa, kabla hujaanza kurekebisha, jua ugonjwa ni upi, maana kupishana kwa mdomo na sauti kuna aina mbili na dawa zake haziingiliani. Angalia mwanzo wa video, kisha ruka mpaka mwisho. Kama pengo ni lile lile, nusu sekunde mwanzo na nusu sekunde mwisho, hiyo ni sauti iliyosogea tu. Fungua kwenye VLC, tafuta mahali mtu anapiga makofi au ngoma, bonyeza K kuichelewesha sauti au J kuiwahisha. Kila ukibonyeza inasogea milisekunde 50. Mkono na kofi vikikutana, VLC itakuwa imekuonyesha namba. Chukua namba hiyo, fungua Avidemux, programu ya bure ya kuhariri video, upande wa sauti kuna kisanduku cha "Shift", andika pale, hifadhi. Umemaliza.

Lakini kama pengo linakua, mwanzo hakuna na mwisho ni sekunde kadhaa, usipoteze muda na "Shift". Ukirekebisha mwanzo utaharibu mwisho. Hapo kuna mwendo uliokosewa. Kuna alama moja ya kukusaidia: pengo likikua sawasawa hadi sekunde 3.6 kwa kila saa, mtu amechanganya fremu 30 na 29.97. Likikua kwa kurukaruka, mara kubwa mara dogo, ni ile "Variable" ya simu. Na jamani, usikate sauti vipande vipande kuisogeza kwa mkono. Nimeona watu wanakesha kwa kazi hiyo.

Kuna hili lingine la wanaoweka filamu za MKV. Picha ipo, muziki wa nyuma upo, ila watu wakiongea husikii. Faili lina chaneli sita, na maneno yanakaa kwenye chaneli ya katikati. Programu ikichukua kushoto na kulia tu ikaacha katikati, mazungumzo yameachwa. Ukikunja kwa "-ac 2" katikati inagawiwa pande zote mbili na maneno yanarudi. Kama faili ni la DTS na huisikii kabisa, ndiyo yale niliyosema, deki yako haiielewi. Ibadilishe iwe AC-3.

Diski ikiwa na video kadhaa, na ya kwanza inasikika ila ya pili ni bubu, angalia kama zinafanana. Ndani ya kundi moja la video kwenye DVD, sauti zote lazima ziwe za aina moja na idadi moja ya chaneli. Umeweka harusi ya AC-3 stirio, halafu kipande cha kicheni pati cha MP2 chaneli moja, deki inachanganyikiwa. Zipeleke zote kwenye aina moja kwanza, au zitenganishe makundi.

Kukwaruza na kukatakata kwa sauti pamoja na picha, hiyo mara nyingi ni diski hafifu au umechoma kwa kasi kubwa mno. Ila wapo wanaojitakia: wanaweka PCM kwa sababu "ina ubora". PCM ya stirio inakula kilobiti 1536 kwa sekunde, wakati AC-3 ya 192 inatosha kabisa kwa hotuba na kwaya. DVD yote, picha na sauti, haitakiwi kuzidi megabiti 10.08 kwa sekunde. Picha umeipandisha mpaka 9, ongeza hiyo PCM, umeshavuka.

Je, naipendekeza DVDStyler? Kwa video za kamera zenye mwendo uliotulia, ndiyo, na wala sioni sababu ya kulipia nyingine. Kwa video za simu, ndiyo pia, ila isiwe ndiyo ya kwanza kuligusa faili. Wakati wa kuifunga kwenye Windows soma kila ukurasa, usibonyeze "Next" kama unafukuzwa.

Na kabla hujachoma nakala 30 za ukoo mzima, tumia diski moja ya DVD-RW, ile inayofutika, ukaijaribu kwenye deki halisi. Kujaribu kwenye VLC peke yake hakutoshi, VLC ina huruma mno. Kama deki imeungwa kwa HDMI na haitoi sauti, ingia kwenye mipangilio yake ya sauti, toa "Bitstream" weka "PCM", maana kuna TV zisizoijua Dolby. Ikiwa imeungwa kwa zile waya tatu, angalia nyekundu na nyeupe zimekaa kwenye matundu yake. Ya njano ni ya picha tu.

Bado inakusumbua? Rudi kwenye ile "Text" ya MediaInfo, nakili maandishi yote, nibandikie hapo chini, na useme deki ni ya aina gani. Mkiandika "sauti haitoki" peke yake nitabaki kubahatisha.